Sare Mbili za Buluu

Simu ilinikuta jikoni kwangu Bakoba, mtaa wa mjini Bukoba, nikichambua maharage. Alikuwa Jenerosa, binti wa baba yangu mkubwa, ambaye hapigi simu asubuhi isipokuwa kuna msiba. "Kemi," akasema, "Shangazi ametutoka." Sikulia. Niliweka ungo chini, nikafunga mlango, nikaenda sokoni kununua jembe. Nilichagua lenye mpini wa mti mgumu, nikaligonga chini kuhakikisha kwamba halichezi. Muuza majembe, kijana mwenye maneno mengi, akaniuliza kama bibi ameamua kurudi shamba uzeeni. Nikamjibu kwamba nakwenda kumlipa fundi cherehani. Alinitazama kwa huruma, akadhani akili imeanza kunitoka, nami sikuwa na nafasi ya kumweleza. Hapa nitaeleza, maana nimestaafu uuguzi na nafasi ninayo.

Nyumba ya Shangazi Kokushubira iko Muleba, pembeni mwa barabara iendayo Rubya, katikati ya kibanja cha migomba. Niliposhuka hapo mchana, nyasi za msiba zilikuwa zimekwisha kutandazwa sebuleni na wanawake wamekaa juu yake, miguu wameinyoosha, sauti wameishusha. Nililiegemeza jembe langu nyuma ya mlango, likiwa bado limefungwa ndani ya gunia, nikatafuta pa kukaa karibu na chumba chake. Kupitia pazia niliiona cherehani yake ya kukanyaga, imefunikwa kitambaa kilekile cha maua. Wanawake wawili wasionijua walikuwa wakizungumza mbele yangu. "Nasikia huyu bibi zamani alikula senene mbele ya wanaume," mmoja alisema. Mwenzake akashangaa, "Si wote tunakula?" "Sasa hivi. Enzi zile mwanamke alikamata, akakaanga, akampelekea mume. Yeye kazi yake ilikuwa kunusa." Walicheka kwa kujizuia, viganja mdomoni, kama watu wanavyocheka msibani. Nilitamani kuwaambia kwamba nilikuwepo, na kwamba sahani ilikuwa ya bati, nyeupe, yenye ukingo wa buluu.

Mwaka ninaouzungumzia ulianzia hapo, kwenye sahani ile. Ilikuwa miaka michache baada ya vita vya mpakani, wakati kuta za mjini Bukoba zilikuwa bado na matundu, na ugonjwa mpya ulikuwa umeingia ambao wengine waliuita silimu, kwa jinsi ulivyomkondesha mtu, na wengine hawakuutaja kabisa. Kwa wazazi wangu sitakaa sana. Walikuwa wametangulia, na siku ya kumaliza matanga ya baba ukoo ulinikabidhi kwa dada yake, Shangazi Kokushubira. Yeye alikuwa amerudi nyumbani baada ya ndoa kumshinda, akapewa kipande cha kibanja na kaka yake mkubwa, Mzee Rutashobya. Baba Mkubwa Rutashobya ndiye aliyekuwa mrithi wa kibanja, mkuu wa ukoo, na mwenyekiti wa kikundi cha kuzikana. Katika miaka ile cheo hicho cha mwisho kilikuwa kikubwa kuliko vyote. Kila wiki jembe lilikuwa linalia mahali fulani migombani, na kila nyumba ilijua kwamba zamu yake inakuja. Mtu aliyekuwa na kikundi alikuwa na watu wa kumchimbia, wa kumbeba na wa kuwakalisha wanawe kwenye nyasi. Aliyetengwa na kikundi hakuwa na chochote.

Baba Mkubwa alikuwa amezika kwake muda mfupi kabla ya msimu wa senene. Alikuwa na mabinti wawili. Leokadia, mkubwa, ndiye msichana wa kwanza wa kijiji chetu kwenda sekondari. Baba yake mwenyewe alimbebea sanduku kichwani mpaka barabarani, akiwa amevaa kanzu na koti la sikukuu, akisalimia hata wasiomsalimia. Leokadia alimaliza shule, akapata kazi ya kupiga chapa katika ofisi moja Mwanza, akawa anarudi Krismasi akinukia sabuni nzuri. Kisha akarudi isiyo Krismasi. Alirudi na sanduku lilelile, na shingo iliyokuwa nyembamba mno kubeba kichwa. Nakumbuka chumba alicholazwa, dirisha limezibwa kwa shuka kwa sababu mwanga ulimuumiza, na mama yake akimnywesha uji kwa kijiko cha chai. Siku ya kumaliza matanga yake, Baba Mkubwa alisimama mbele ya wanakikundi. "Nilimsomesha mimi," alisema. "Kwa mikono yangu nilimpeleka barabarani. Shule ndiyo iliyompeleka mjini, na mji ndio ulionirudishia kile mlichokizika. Mabinti waliobaki watabaki. Atakayempeleka binti, siku akifiwa asituite." Wanaume waliitikia. Wanawake pia waliitikia, na wengine walilia kwa kushukuru. Sikuwahi kuwachukia kwa hilo, hata nilipokuwa mdogo. Waliogopa, na aliyekuwa akiwaongoza alikuwa amemzika mwanawe.

Shangazi hakuitikia. Alikaa kwenye nyasi, akamenya kahawa ya kutafuna kwa meno. Jibu lake lilikuja Novemba, senene, wale panzi wetu wa kuliwa, walipoanguka. Mimi na Jenerosa, yule mdogo wa Leokadia, tulikuwa rika moja na tulikuwa tumetoka kufanya mtihani wa darasa la saba pamoja. Tuliamka kuwakamata kwenye majani yenye umande, tukawanyonyoa mabawa na miguu, Shangazi akawakaanga kwa chumvi na kitunguu. Jioni kaka yake alikuja na wazee wenzake kwa ajili ya rubisi, pombe yetu ya ndizi. Sahani ikapelekwa mbele yao kama desturi. Shangazi akarudi jikoni, akachota sahani ya pili, ile ya bati, akaketi kwenye kizingiti ambako wote wanamwona, akaanza kula. Alikula taratibu, mmojammoja, kama mtu aliyealikwa arusi. "Koku," kaka yake akasema, "unakula nini?" "Nakula nilichokamata, kaka." Akatuita mimi na Jenerosa, akatupa kila mmoja kiganja kimoja. Jenerosa alimwangalia baba yake, kisha akala. Sijawahi kula kitu chenye ladha ya hofu kama kile, na sijawahi kula kitamu zaidi.

Majina ya waliochaguliwa kwenda kidato cha kwanza yalisomwa karibu na Krismasi, na katika shule yetu wasichana walikuwa wawili tu, Jenerosa na mimi. Mwalimu mkuu aliyasoma haraka, macho chini, kama anayesoma matangazo ya vifo. Hakuna aliyetupigia makofi. Tulirudi nyumbani tumeshikana mikono, na tulipofika kwenye njia panda ya kibanja Jenerosa akauachia mkono wangu. "Baba hataki," alisema. "Usiniulize."

Kesho yake Baba Mkubwa alikuja kwa dada yake. Sisi tulikuwa jikoni tunamenya ndizi, ukuta wa matete ukiwa ndio pekee uliotutenganisha nao, na kila neno lilipita. "Koku, mtoto wa marehemu nimekukabidhi umlee, hukukabidhiwa umuue," alisema. "Leokadia hakuuawa na shule, kaka." "Usimtaje." "Namtaja. Nilimkanda miguu, namtaja. Na Federika je? Mke wa jirani yako, tuliyemzika kabla ya mvua? Federika hakuwahi kuvuka hata mto huu hapa chini. Hakujua kuandika jina lake. Ugonjwa aliletewa kitandani kwake na mume wake, naye hakuwa na neno la kukataa wala pa kukimbilia. Hawa wawili nataka wawe na pa kukimbilia." Jenerosa alikuwa ameshika kisu bila kumenya. Kisha sauti ya Baba Mkubwa ikaja, imechoka, bila hasira: "Wewe una mwana mmoja, Deusi, naye yuko Mwanza anauza nguo, mzima. Hujazika mtoto. Siku ukizika uje uniambie hayo maneno tena." Tulisikia fimbo yake ikiondoka. Shangazi aliingia jikoni, akatazama beseni. "Hizi ndizi zinajimenya?" akauliza.

Chumba chake kilikuwa na kitanda, sanduku na cherehani. Cherehani hiyo aliachiwa na familia moja ya Kihindi ya Bukoba. Alikuwa akiwashonea barazani kwao miaka mingi, na walipofunga duka wakahama, mama mwenye duka alimpa ile mashine na majora mawili ya nguo yaliyobaki. Jora moja lilikuwa buluu. Siku za kawaida alishona ndani, karibu na dirisha. Safari hii alituita tuiburute cherehani mpaka barazani, panapotazamana na njia ya kanisani, na akasubiri Jumapili. Watu walipotoka ibadani walimkuta anakanyaga, kitambaa cha buluu kimemwagika magotini. Wanawake wakasimama. "Unashona nini, Ma Koku?" "Sare." "Sare ya nani?" "Ya Kemi." Akakata uzi kwa meno, akaikung'uta sketi, akaitundika kwenye msumari mbele ya macho yao. Kisha akachukua kipande kingine cha buluu, akakipima kwa jicho. "Na hii?" "Ya Jenerosa." Mmoja wa wanawake alishika kichwa. Nilimwambia Shangazi baadaye kwamba angeweza kushona ndani, usiku, wasimwone. Alinikasirikia kweli. Alisema mwizi ndiye anayeshona gizani.

Siku ya kuondoka, Januari, nilivaa sare yangu na viatu vilivyokuwa vya Deusi alipokuwa mdogo. Sare ya Jenerosa ilikuwa imekunjwa juu ya sanduku. Shangazi alipita kwa kaka yake, akasimama uani, akaita, "Jenerosa! Mwanangu, gari halisubiri." Jenerosa alitoka nyuma ya nyumba na jembe mkononi, udongo umempanda hadi magotini. Aliitazama sketi yangu. Akarudi alikotoka. Shangazi hakumlazimisha. Aliikunja sare ile upya, akaitia kifuani, ndani ya gomesi, vazi lake refu la mshipi, tukaendelea. Barabarani Baba Mkubwa alikuwa ametutangulia, amevaa lile koti la sikukuu, na wanaume kadhaa wa kikundi nyuma yake. "Koku. Ukivuka hapa na huyu mtoto, kikundi kimekutoa. Hutachimbiwa, hutabebewa. Utajizika mwenyewe." Sanduku langu lilikuwa kichwani kwa Shangazi na halikutikisika. "Basi nitajizika, kaka," alisema. "Sogea, waitu, gari linakuja." Alisogea. Labda alisogea kwa sababu ya lile neno la heshima ambalo dada yake hakulisahau hata pale.

Shule yenyewe, ya wasichana, mjini Bukoba, ilikuwa na bweni refu lenye vitanda vya juu na chini na madirisha yaliyotazama ziwa. Nilikula ugali kila siku mpaka nikaota ndizi. Kilichobaki akilini kuliko masomo ni sauti ya viatu vya matroni. Akija bwenini saa isiyo yake, wote tulijua kuna msichana atakayeambiwa afungashe aende nyumbani kuzika. Kila mmoja aliomba viatu vipite kitanda chake. Havikuwahi kusimama kwangu. Shangazi hakuniletea habari zozote mbaya muhula ule, na mimi, kwa ujinga wa umri, nilidhani hazikuwepo.

Niliporudi likizo ya Juni, niliona kwanza kwamba njia ya kuingia uani imeota majani. Nyumba ya fundi cherehani haikosi watu. Yetu ilikuwa kimya. Wateja walikuwa wamehamia kwa fundi wa mbali. Kwenye misiba, nilikuja kuambiwa, Shangazi alikwenda bila kukosa hata mmoja, akabeba ndizi na kuni kama wengine, akakaa kwenye nyasi, na wanawake wakasogea mpaka akabaki na nyasi zake peke yake. Alikaa hapohapo mpaka mwisho, akaaga, akarudi nyumbani. Cherehani niliikuta barazani imefunikwa turubai. Chumbani, mahali pake, alilala Deusi.

Deusi, binamu yangu niliyemwita kaka, alikuwa mtu wa mzaha, na hata mifupa yake ilikuwa bado na mzaha. "Karibu, mwanafunzi," alisema. "Nimerudi likizo kabla yako." Aliniambia nimsomee kitabu changu cha Kiingereza, akawa ananisahihisha matamshi, akichoka anafumba macho na kusema endelea, nasikia. Jioni moja nilikuwa nachochea moto nikamsikia anamuuliza mama yake, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mae, nani atanichimbia?" "Nyamaza unywe uji," alisema Shangazi. "Nakunywa. Lakini nani?" Shangazi alitoka nje, akashika nguzo ya baraza kwa mikono yote miwili, na mabega yake yakatikisika. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akilia na ilinitia woga mkubwa. Nikamfuata, nikamwambia kwamba shuleni sirudi. Nitabaki nimsaidie kuuguza, nitamwomba radhi Baba Mkubwa, watu watarudi. Aligeuka na uso ambao bado ninao akilini. "Nimetengwa kwa ajili ya nini, basi? Kwa ajili ya wewe kupika uji? Uji naujua kuupika mwenyewe. Ukibaki hapa, watakuwa wamenitenga bure, na mwanangu atakuwa amekosa wa kumzika bure. Usinifanyie hivyo, Kemi. Fanya lolote, hilo usinifanyie."

Deusi alikufa asubuhi, kabla likizo haijaisha. Shangazi alimfumba macho, akamwosha, akatoka uani akapiga yowe la msiba, lile ambalo mtu yeyote akilisikia anaacha jembe anakuja. Moshi wa nyumba za jirani tuliuona. Mbwa walitujibu. Hakuja mtu. Seremala alileta jeneza, akaliweka barazani, akasema pole bila kutuangalia, akaondoka upesi. Jua likapanda. Wanaume walianza kukusanyika ng'ambo ya barabara, kwenye kivuli, wakisimama tu, wengine wakiwa wamevua kofia. Nadhani kila mmoja alikuwa anamngoja mwingine aanze kuvuka. Baba Mkubwa hakuwa miongoni mwao.

Kwetu mwanamke hachimbi kaburi. Hata kulisogelea likiwa wazi, wazee wa wakati ule hawakupenda. Shangazi alikaa kwenye kizingiti kwa muda, mikono mapajani. Kisha akainuka, akafunga kanga kiunoni, akachukua jembe lake la kupalilia, akaenda kati ya migomba, karibu na alipolala baba yangu, akapiga jembe la kwanza. Nilichukua jembe jingine nikamfuata. Udongo wa juu ni rahisi; chini yake kuna mizizi ya migomba iliyosokotana, na chini ya mizizi changarawe. Viganja vyangu, laini kwa kushika kalamu, vilipasuka mapema. Tulipokuwa tumefika magotini nilisikia mtu anashuka shimoni nyuma yangu. Alikuwa Jenerosa. Hakutusalimia. Alichimba kama msichana aliyelima mwaka mzima, mara mbili ya kasi yangu, machozi na jasho vikimtiririka pamoja.

Muda si muda kivuli kikatua juu yetu. Baba Mkubwa alikuwa amesimama ukingoni, na wale wanaume walikuwa wamevuka barabara nyuma yake. Alimtazama mtoto wake akiwa kaburini hadi kiunoni, binti wa mwisho aliyebaki naye, na nywele zake zimejaa udongo. "Jenerosa," alisema, "toka humo." Jenerosa aliinua uso. "Nikitoka, tata, nani atachimba?" Yule mzee akavua koti. Alilikunja, akalitundika kwenye mgomba, akapandisha kanzu, akaketi ukingoni kwa shida na kujiachia akaanguka ndani, nasi tukamdaka. Akanipokonya jembe mikononi bila ukali. Aliona damu kwenye mpini, akaisugua kwa kidole gumba. "Tokeni, wewe na mwenzio," aliniambia. Akapiga jembe mara kadhaa, kisha akasimama, akaliegemea, akalia kwa sauti, akimtaja Leokadia na Deusi pamoja, Leokadia na Deusi, mpaka vijana wakashuka kumtoa. Shangazi hakutoka shimoni. Alichimba bega kwa bega na vijana hao hadi mwisho, na hakuna aliyethubutu kumwambia kitu.

Baada ya matanga Baba Mkubwa alivaa tena koti lake, akaenda Bukoba kwenye ofisi ya elimu kuombea nafasi ya Jenerosa. Alikaa kwenye benchi, kofia magotini, yule aliyetuzuia barabarani. Wakamwambia nafasi ilikwisha kujazwa tangu Februari. Alirudi kwa miguu sehemu kubwa ya njia, akapita kwanza kwa dada yake, akasema "Imejazwa," akaketi. Shangazi alitoa ile sare ya pili kwenye mtoto wa cherehani, ile droo ya pembeni, akampa Jenerosa, lakini Jenerosa aliisukuma. "Nitaivaa wapi, Shangazi? Kwenye maharage?" Shangazi akairudisha alipoitoa. Wasichana wengi walipita nyumba ile miaka iliyofuata wakiwa na umbo la Jenerosa, na hakumpa hata mmoja. Msimu mwingine wa senene ulipofika, Jenerosa alikuja kwa Shangazi na sahani iliyofunikwa jani la mgomba. Ilitoka kwa baba yake. Senene walikuwa wamenyonyolewa vibaya, miguu mingine imebaki, wameungua upande mmoja. Alikuwa amewakaanga mwenyewe.

Kabla sijarudi shuleni baada ya msiba wa Deusi, Shangazi alinisimamisha mlangoni kushusha pindo la sketi, kwani nilikuwa nimerefuka. Pini mdomoni, akaniambia bado nadaiwa mshono wa sare ile. Nikamwambia nitamlipa nikianza kazi. "Fedha zako sizitaki," akasema. "Walisema nitajizika mwenyewe. Siku nikifa, popote ulipo, uje na jembe. Jembe lako, usiazime. Ndiyo malipo." Niliitikia, nikaibeba ahadi hiyo maisha yangu yote ya uuguzi kama siri ya watu wawili.

Ndiyo maana wakati wa kuzika, juzi, nilipolitoa jembe kwenye gunia nilikuwa na aibu kidogo. Mimi ni mwanamke mzima, miwani shingoni, na vijana wa kikundi walikuwa tayari wamepanga foleni ya kuchimba. Jenerosa ndiye mwenyekiti wa kikundi sasa, cheo cha baba yake, na alikuwa akiwaelekeza mahali pa kuchimba, pembeni mwa Deusi. Nikamwendea nimwombe ruhusa. Kabla sijafungua mdomo, mwanamke mmoja mnene mwenye suti ya ualimu alipita kando yangu akiwa na jembe begani. Nyuma yake mwingine, mdogo kuliko yeye kwa miaka mingi, aliyekuja kwa boti kutoka Bumbire, jembe lake limefungwa kanga. Kisha mabinti wawili wa Jenerosa mwenyewe, mmoja afisa kilimo. Waliendelea kutokea migombani, wengine hawajuani, wakitazamana mikononi. "Na wewe?" nilimuuliza yule mwalimu. "Alinishonea sare," alisema. "Nilidhani ni mimi peke yangu." Tukaanza kucheka, wanawake wazima, na kicheko kikageuka kilio hapohapo tuliposimama. Vijana waliweka majembe yao chini bila kuambiwa.

Tulimtazama Jenerosa atupe amri ya kuanza. Hakuitoa. Aligeuka, akaingia ndani, na tulisikia droo ya cherehani ikivutwa. Alirudi na kitambaa cha buluu, kimefifia kwenye mikunjo, sketi ya msichana wa darasa la saba aliyekuwa mwembamba. Aliizungusha kiunoni juu ya kitenge chake, ikamfika nusu, akaifunga kwa kamba zake. Akachukua jembe lake la siku zote, lililokwisha kulika upande mmoja, akapita katikati yetu.

"Na mimi alinishonea," alisema, akapiga jembe la kwanza.